Mahjub bin Adam: Jina, Waraka na Nafsi ya Askari wa Kikoloni

Kitabu cha Marianne Bechhaus-Gerst kiitwacho Treu bis in den Tod, kilichotolewa mwaka 2007, kinafuatilia maisha ya mtu aliyejulikana Berlin kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mtu huyo alipata kuwa askari katika jeshi la Wajerumani la Afrika ya Mashariki, mtumishi wa melini, mwigizaji wa filamu na mwalimu wa Kiswahili. Alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2013 Eva Knopf naye alitoa filamu juu ya mtu huyo huyo, Majubs Reise, yaani Safari ya Majubu. Kazi hizi mbili zimemtoa mtu huyu katika giza la makabati ya serikali, na kwa hilo zastahili shukrani. Hata hivyo zinazusha swali ambalo wataalamu wa lugha hawana budi kulikabili: je, nyaraka za ofisi humweleza msomaji mtu alikuwa nani, au humweleza tu ofisi ilitaka awe nani?

Swali hilo laanzia kwenye jina. Mtu huyu alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudani, aliyefikia cheo cha efendi. Jina la namna hii ni tamko la nasaba. Linalofuata neno bin si jina la ukoo lililoganda, bali ni jina la baba mwenyewe, na baada yake hufuata la babu. Daftari la Kijerumani, kwa upande wake, lilitaka jina la ukoo lisilobadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Ukiyalinganisha majina hayo mawili, Mahjub bin Adam Mohamed na Bayume Mohamed Husen, utaona kwamba lililotoweka ni Adam, yaani baba.

Kutoweka huko si jambo dogo. Mwaka 1929 Mahjub alifika Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimkatalia kwa hoja kwamba madai yamechelewa. Haidaiwi hapa kwamba jina ndilo lililoyaharibu madai hayo. Linalodaiwa ni kwamba mwana alivuka bahari kwa ajili ya haki ya baba, na jina ambalo Berlin ilimjua kwalo halikuonyesha tena kuwa ana baba aitwaye Adam. Mtafiti anayelifuata jina la Berlin peke yake atampata mhamiaji asiye na kwao. Anayelisoma jina la kwanza kwa kanuni za Kiswahili atampata mtoto wa mtu fulani, wa mji fulani, mwenye deni analodai.

La pili ni neno askari lenyewe. Nyaraka hulitumia kana kwamba lina maana moja. Lakini hesabu nyepesi yatosha kuonyesha upungufu wake. Vita vilipoanza mwaka 1914 Mahjub alikuwa na umri wa miaka 10. Alikuwa amekwisha kujifunza Kijerumani na kufanya kazi ya ukarani huko Lindi. Alijiunga na jeshi pamoja na baba yake. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akiwa na miaka 13, kisha akawa mateka wa Waingereza. Kwa hiyo yule anayeitwa askari katika maombi na barua za miaka ya 1930 alikuwa, wakati wa vita vyenyewe, mtoto. Neno moja limefunika jambo hilo, na msomaji asiyelinganisha tarehe na tarehe hataliona.

La tatu, nalo ndilo linalogusa jina la kitabu, ni habari ya uaminifu. Treu bis in den Tod maana yake ni Mwaminifu hadi Kifo. Jina hilo linarejesha hadithi mashuhuri ya askari mwaminifu, iliyoenezwa Ujerumani baada ya mwaka 1918 na Jenerali Lettow-Vorbeck pamoja na vyama vya wapenda makoloni. Hadithi hiyo ilikuwa na kazi yake: ilitakiwa kuthibitisha kwamba Wajerumani walikuwa watawala wema, na kwamba wastahili kurudishiwa makoloni waliyonyang'anywa. Bila shaka Bechhaus-Gerst ametumia maneno hayo kwa kejeli, maana habari anazozieleza zinayakanusha. Lakini kejeli ya jalada haimfikii kila msomaji, na hatari yake ni kwamba Mahjub anaingia tena katika hadithi ile ile iliyomtumikisha.

Michelle Moyd, katika kitabu chake Violent Intermediaries cha mwaka 2014, ameonyesha kwamba askari wa Wajerumani walitumikia kwa sababu zao wenyewe, wakitafuta mali, heshima na nyumba kubwa yenye watu. Kwa mwanga huo matendo ya Mahjub yanasomeka upya. Alivaa sare katika mikutano ya wapenda makoloni, tena aliomba nishani ya wapiganaji wa vita akanyimwa. Hayo hayalazimu kuwa dalili ya mapenzi. Mdai husema kwa lugha ya mdaiwa wake, kwa sababu ndiyo lugha pekee inayosikilizwa dirishani. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Asiyelipwa atabisha hodi kwa kila jina na kwa kila vazi.

Filamu ya Eva Knopf ina sifa yake katika jambo hili. Mahjub alionekana katika filamu zaidi ya 20 za Kijerumani, aghalabu kama mtumishi apitaye nyuma ya wakubwa. Ya mwisho ilikuwa Carl Peters ya mwaka 1941, inayomtukuza mtu ambaye wenyeji wa Tanganyika walimwita Mkono wa Damu. Msanii huyu amezitumia picha hizo za kikoloni kama nyaraka, akamtazama aliye pembeni badala ya aliye katikati. Mwaka huo huo wa 1941 Mahjub alikamatwa na polisi wa siri kwa sababu ya mapenzi na mwanamke Mjerumani, akapelekwa Sachsenhausen bila ya kuhukumiwa.

Liko jambo moja lililostahili nafasi kubwa zaidi katika kazi zote mbili, nalo ni ualimu wake. Katika miaka ya 1930 Mahjub alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, alikokuwa Diedrich Westermann. Baadhi ya waliofundishwa walitayarishwa kwenda kutawala makoloni yaliyotarajiwa kurudi. Hakuwa wa kwanza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda kufundisha mjini humo mwaka 1900, na sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, iliyotoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ni kazi ya kalamu yake. Katika mpango huo Mwafrika alihesabiwa kuwa mdomo wa lugha, na Mzungu mwenye elimu yake. Taaluma ya Kiswahili imejengwa kwa sehemu juu ya vinywa hivyo, na historia ya taaluma isiyowataja haijakamilika.

Kwa hiyo kumtambua askari wa kikoloni si kazi ya kulipata jina la kweli na kulifuta la uongo. Kila waraka huna budi kuulizwa umeandikwa na nani, kwa nani, na kwa haja gani. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wanahistoria wa Ulaya peke yao, kwa kuwa kanuni za majina, vyeo na heshima zimo ndani ya Kiswahili. Na hata hapa nyumbani ipo. Taarifa ya mwaka 2021 ya tume ya Uingereza ya makaburi ya vita ilikiri kwamba waliokufa wasiopata kutajwa kwa majina, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, si chini ya 116,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zahifadhi jina la kikosi cha wapagazi. Majina ya wapagazi wenyewe hayamo. Mahjub bin Adam anajulikana kwa sababu alidai, na kwa sababu madai yake yaliandikwa. Wengi wa wenzake hawakuandikwa popote.