Mizani ya Jembe

Msomaji wa Pwani aliyelelewa kwa vina na mizani huenda akakifungua kitabu cha Frank Gunderson, Sukuma Labor Songs from Western Tanzania (Brill, Leiden, 2010), akitaraji habari za ngoma tu. Atakutana na ushairi. Kwa Wasukuma, ambao Bariadi ni mojawapo ya miji yao, wimbo wa kulima hupimwa kwa pigo la jembe, si kwa hesabu ya silabi. Nao Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno, humkumbusha msomaji majibizano ya malenga wa Mombasa na Unguja: mahasimu ndio wanaonoana ndimi.

Kasoro haimo katika juhudi ya mkusanyaji, bali katika safari ya kitabu. Maelezo yake ni ya Kiingereza, na mchapaji yuko Uholanzi. Mkulima wa pamba wa Bariadi, aliyerithi nyimbo hizo kwa babu yake, atayasomaje? Na malenga wa Pwani je? Kiswahili, kinachowaunganisha wawili hao, kinadai toleo lake. Deni hilo ni la wafasiri, wala halifai kucheleweshwa: ng'ombe wavutao plau hawahitaji waitikiaji.