Vyama vya lugha shuleni visigeuzwe madarasa ya ziada

Katika shule nyingi za upili nchini, kuna alasiri moja ya juma iliyotengewa vyama. Waandishi chipukizi hukutana katika darasa moja, nao wanafunzi wa Kifaransa hukutana katika darasa jingine, pengine ukuta mmoja tu ukiwatenganisha. Kwa miaka mingi nimekuwa nikialikwa kuzungumza na vyama hivi. Aghalabu, kabla sijaketi, mwalimu mlezi huninong'oneza ombi lile lile: "Profesa, tusaidie na Karatasi ya Tatu."

Sina ugomvi na mtihani. KCSE ina nafasi yake na mzazi anayelipa karo ana haki ya kutarajia alama nzuri. Ninachokihoji ni hiki: ikiwa chama cha waandishi kinafanya kazi ile ile iliyofanywa darasani asubuhi, kina haja gani ya kuitwa chama? Si tungeliita tu somo la ziada tukaachana na mapambo ya majina?

Hebu tutazame kinachofanyika. Wanachama hupewa muhtasari wa vitabu teule. Hukaririshwa mianzo ya insha, ile ya jua kuchomoza na ndege kulialia matawini. Methali kumi hupachikwa katika ukurasa mmoja, ziwe zinahitajika au la. Mwanafunzi anahitimu akiwa na ghala la misemo, lakini hajawahi kuandika hadithi moja iliyomsumbua moyoni.

Kuna tofauti ya kimsingi ambayo walimu wenzangu wanaisahau. Katika Karatasi ya Kwanza, mtahiniwa huandika insha mbili kwa muda usiotimia saa mbili, akazikabidhi, basi. Mtihani haumpi nafasi ya kuandika upya. Ilhali uandishi wenyewe, kama ajuavyo kila aliyewahi kutoa kitabu, ni kule kurudi. Unaandika, unasoma, unaona aibu, unafuta, unaandika tena. Chama ndicho mahali pekee shuleni ambapo mtoto anaweza kuandika rasimu ya pili na ya tatu bila saa kumkimbiza wala kalamu nyekundu kumtisha. Tukimnyang'anya nafasi hiyo, tumemnyima kazi yenyewe ya mwandishi.

Chama cha Kifaransa nacho kina maradhi yake. Huko mtihani huambatana na tamasha. Wanachama hukariri ngonjera na mashairi kwa ajili ya jukwaa, wakafunzwa matamshi hadi sauti za puani zikanyooka. Nimewahi kumpongeza binti mmoja aliyekariri vizuri mno, kisha nikamwomba aniambie kwa Kiswahili alichokuwa akisema. Alitabasamu, akainamisha kichwa. Mistari ya kwanza aliifahamu. Iliyosalia aliibeba kama mtu abebaye mzigo wa mwingine. Simlaumu hata kidogo. Alifanya alichoagizwa, na jukwaani hakuulizwa maana.

Kuna waliotutangulia wakafanya vingine. Miaka ya 1930, Shule ya William Ponty katika kisiwa cha Gorée, Senegal, ilikuwa chuo cha kikoloni cha kuwaandaa walimu na makarani wa Afrika Magharibi ya Kifaransa. Nia yake haikuwa njema kwetu, hilo tulikiri. Hata hivyo, wanafunzi walipokwenda likizo walitakiwa kuchunguza mila na masimulizi ya makwao na kuyaandika. Kutokana na malighafi hiyo walitunga michezo ya kuigiza. Mmoja wao, Bernard Dadié wa Côte d'Ivoire, aliandika mchezo kuhusu mfalme wa Sanwi ambao wanafunzi wenzake waliuigiza hadi Paris mwaka 1937. Dadié akaja kuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa bara hili. Mkoloni alitaka Kifaransa kizuri. Vijana wakakitia ndani yake habari za nyumbani.

Huko Paris kwenyewe, mwaka 1935, wanafunzi weusi walichapisha gazeti dogo, L'Étudiant noir. Aimé Césaire na Léopold Senghor walikuwa miongoni mwao. Gazeti halikudumu, lakini fikra za Negritudi zilichipukia katika kurasa za namna hiyo. Na hapa kwetu, Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha hadithi katika jarida la shule ya Alliance mwaka 1957, kabla ya kuingia Makerere. Jarida la shule si mchezo wa watoto. Ni kiwanda cha kwanza.

Pendekezo langu basi ni kwamba ukuta ule unaovitenga vyama hivi viwili ubomolewe, angalau mara moja kwa mwezi, na kazi ya pamoja iwe tafsiri.

Msomaji ataniuliza, Kifaransa na Kiswahili vina undugu gani? Vina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Neno divai tumelipata kutoka Kifaransa. Padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939, na hadi leo wanaoshughulikia lahaja zetu huirejelea. Michezo ya Molière tunayo kwa Kiswahili, mathalan Tabibu Asiyependa Utabibu na Mchuuzi Muungwana. Riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979 inasomwa kama Barua Ndefu Kama Hii. Isitoshe, majirani zetu wa Lubumbashi, Goma na Bukavu huamka na lugha hizi mbili kila siku, na tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tafsiri humlazimisha mwanafunzi kufikiri. Mfaransa husema tu kwa rafiki na vous kwa mwalimu wake. Kijana wetu atafanyaje? Akiandika "wewe" pote pawili, heshima imepotea. Akiandika "nyinyi", mwalimu amegeuka umati. Atalazimika kutafuta adabu ya Kiswahili inakokaa: katika shikamoo, katika mzee, katika "naomba" badala ya "nataka". Tena Kifaransa hutofautisha il na elle, mwanamume na mwanamke, ilhali Kiswahili husema "alikuja" pasipo kufichua jinsia. Mtunzi wa hadithi ya siri ana silaha hapo ambayo Mfaransa hana! Je, ni muhtasari gani wa kitabu teule utakaomfunza hayo?

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mwalimu wa Kifaransa mara nyingi ni mmoja shule nzima, na shule nyingi hazina hata huyo. Mwalimu wa Kiswahili ana rundo la daftari za kusahihisha. Fedha za kuchapisha jarida hakuna. Ni kweli. Lakini gazeti la ukutani linahitaji karatasi, gundi na mahali pasiponyeshewa. Pasipo Kifaransa, lugha za mama zipo: Kigiriama, Kiluo, Kikamba, Kimeru. Mtoto aende likizo, arudi na ngano ya nyanyake, aitafsiri, wenzake waisome na kuikosoa, aiandike upya, kisha ibandikwe. Mwalimu hatakiwi kusahihisha kila neno. Kukosoana ndiyo kazi ya chama.

Mtaala mpya umetuahidi kukuza vipawa, na wanafunzi wa kwanza wa sekondari ya juu wameshaingia Gredi ya 10. Ahadi hiyo haitatimizwa na vitabu vya serikali peke yake. Walimu walezi, mkinialika tena, nitakuja kwa furaha. Ila nawaomba msiniwekee karatasi za mitihani mezani. Niwekeeni rasimu za watoto, hata zikiwa na makosa, na mniachie muda wa kutosha kuzisoma pamoja nao.