Mbegu ya mgunga na tumbo la mbuzi

Nazi inayofika Oldonyo Sambu hupanda na lori kutoka pwani, na safari yake huishia kwenye mbuzi ya kukunia. Ufundi wake wote ni wa baharini: makumbi yanayoifanya ielee, kifuu kigumu, maji na nyama ya kulisha chipukizi kwa miezi kabla mizizi haijashika mchanga. Huku kaskazini-magharibi mwa Mlima Meru, ambako mlima wenyewe umeikinga mvua, hakuna wimbi la kubeba mbegu. Mgunga umejipatia chombo kingine.

Chombo chenyewe ni mbuzi, pamoja na twiga na tembo pale walipo. Maganda ya mgunga yaliyojisokota hayapasuki mtini; huanguka yakiwa yamefumba, tena kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha. Yana protini nyingi, na mbuzi hayabakishi. Mbegu kadhaa husagika kwa meno. Zile ndogo na ngumu huponyoka, na ngozi yake isiyopenyeza maji hulainika kiasi tumboni. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni vita dhidi ya fukusi, ambao funza wao huila mbegu kutoka ndani. Mtafiti Hugh Lamprey na wenzake waliliandika jambo hili mwaka 1974: ganda likiliwa mapema, funza hufia tumboni na mbegu hunusurika.

Jioni mbuzi hurudi bomani, na mbegu hutua kwenye samadi. Huko Turkana Kusini, Robin Reid na James Ellis walionyesha mwaka 1995 kwamba maboma yaliyohamwa ndiyo yaliyootesha miche ya mgunga kwa wingi, maana samadi hushika unyevu na rutuba.

Tazama neno hilo: yaliyohamwa. Mbuzi aliyeileta mbegu ndiye atakayeutafuna mche, uwe na miiba au usiwe nayo. Huko Manyara, jirani na kwetu, kuna migunga ya rika moja iliyosimama kama wanafunzi wa darasa moja. Mwaka 1993 Herbert Prins na Henk van der Jeugd waliihusisha na vifo vya wanyama: sotoka ya mwishoni mwa karne ya 19, kisha kimeta kilichoua swala pala mwaka 1961. Walaji walipopungua, miche ikapata nafasi ya kukua.

Anayesema mbuzi anamaliza miti hajadanganya, ila amesimulia nusu. Zamani boma lilihama na mbuzi wakalifuata. Siku hizi nyumba ni za tofali na bati, shule iko karibu, na hakuna anayehama. Mbegu inafika, lakini aliyeileta haondoki. Kinachofanana zaidi na kuhama ni alalili, malisho ambayo Wamaasai huyatengea ndama. Mbuzi wakizuiwa kuingia humo kwa misimu ya kutosha, mpaka kilele cha mche kipite pale anapofikia mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma, mti umeshavuka.