Süleymaniye: Mzigo Usioonekana

Nilizuru Istanbul nikiwa na mazoea ya mkuu wa chuo cha ualimu: kutafuta makosa kwanza. Msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na Sinan kwa amri ya Sultani Suleiman kati ya 1550 na 1557, nilidhani umenipa kosa mara nilipoingia. Taa zinaning'inia chini mno, zikiyazuia macho yasipande hadi kwenye kuba, yapata mita 53 juu.

Nikaketi zulini. Hapo nikafahamu kwamba taa zile humpa aliyeketi dari yake ndogo, ya kimo cha binadamu, ndani ya ukubwa ule. Kosa lilikuwa langu niliyesimama.

Nikatazama tena, kwa adabu zaidi. Kuba kubwa husukuma kuta nje, kwa hiyo huhitaji viegemeo vinene vya kuzizuia. Sinan alivipachika kwenye kuta za ubavuni, nusu ndani, nusu nje, akajenga baraza baina yake. Mtu hupumzika kivulini asijue kwamba jiwe lililo karibu naye limebeba uzito wote ule.

Huo ndio ufundi kamili. Nami kwa miaka mingi nilitaka chuo kizima kione jinsi ninavyochoka, nikaita hali hiyo uongozi.

Kaburi la Sinan ni dogo, liko nje ya ua, kwenye kona ya njia. Nililipita taratibu, kwa haya.