Jina na Mwenye Kulitoa: Desturi ya Kuwapa Watoto Majina katika "Ndoto ya Jumba Jekundu"

Imezoeleka kusemwa kwamba jina la Mchina ni dua. Wazazi huchagua herufi moja au mbili zenye maana njema, ya uadilifu labda, au ya ua, au ya kito, na mtoto huchukua matumaini yao maisha yake yote. Kauli hii si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Haisemi ni nani mwenye haki ya kulitoa jina, nani awezaye kulibadili, wala nani awezaye kukataza lisitamkwe. Nusu hii ya pili imeelezwa kwa namna ya pekee katika riwaya ya Cao Xueqin, "Ndoto ya Jumba Jekundu", iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1791, karibu miaka thelathini baada ya mtungaji wake kufariki. Wahakiki wengi wamejishughulisha na mafumbo ya majina yaliyomo humo. Mafumbo yapo, lakini ubora wa riwaya haumo katika kuyafumbua. Umo katika jinsi desturi yenyewe ya kutoa majina inavyotiwa mizanini.

Ni lazima kwanza desturi ieleweke. Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia na jina la mtu hufuata. Katika koo zilizotunza vitabu vya nasaba, wavulana wa kizazi kimoja walishirikiana herufi moja, au sehemu moja ya herufi, hata msomaji akatambua mara moja nani ni ami na nani ni mpwa, ijapokuwa umri wao walingana. Herufi ya Kichina aghalabu ina sehemu mbili, moja ya kuashiria maana na moja ya kuongoza sauti. Kwa hiyo majina yasiyofanana hata kidogo masikioni huweza kuwa ndugu machoni. Ndivyo yalivyo majina ya ukoo wa Jia. Kizazi cha She na Zheng kina alama moja. Kizazi cha watoto wao, akina Zhu, Lian na Huan, kina alama ya yu, kito ambacho Wachina wamekienzi tangu kale. Kizazi kinachofuata, akina Lan na Rong, kina alama ya majani. Shujaa wa riwaya, Baoyu, amepewa jina kwa kito alichozaliwa nacho mdomoni. Nduguze wana yu kama sehemu tu ya herufi, yeye peke yake analo zima. Hivyo ni mmoja wao na si mmoja wao, nalo ndilo fumbo la maisha yake yote.

Katika mlango wa 2 mtungaji anawafanya wahusika wawili wajadili desturi hii waziwazi. Mmoja anastaajabu kwamba ukoo mkubwa namna ile umewaita binti zake kwa neno la kawaida kama chun, yaani majira ya machipuko. Mwenziwe anamjibu kuwa binti wa kwanza alizaliwa siku ya kwanza ya mwaka, akaitwa Yuanchun, na wadogo zake Yingchun, Tanchun na Xichun wakaifuata herufi yake. Lakini katika kizazi kilichotangulia, asema, binti walifuata alama ya kaka zao. Mfano ni Jia Min, mama yake Daiyu. Hapo yule wa kwanza, aliyekuwa mwalimu wa Daiyu, anagutuka. Sasa anaelewa kwa nini mwanafunzi wake kila akutanapo na herufi min huisoma mi, na aiandikapo huipunguzia mkwaju mmoja au miwili. Mtoto alikuwa akishika mwiko wa kutotaja wala kuandika kwa ukamilifu jina la mzazi wake. Ustadi wa mahali hapa ni mkubwa. Kabla msomaji hajamwona Daiyu akizungumza, amekwisha kumjua kwa herufi moja iliyoachwa pungufu, nao upungufu huo ni heshima na huzuni kwa pamoja, kwani mama yake amefariki.

Mwiko huohuo unarudi katika mlango wa 79 na wa 80, safari hii ukiwa chombo cha udhalimu. Xia Jingui, mke mpya wa Xue Pan, anawakataza watu wa nyumbani kuzitamka herufi za jina lake, na kwa kuwa gui ni jina la ua linalojulikana na kila mtu, analibadilisha hata jina la ua. Daiyu anashika mwiko kwa mapenzi, wala hakuna aliyemwamuru. Jingui anawashikisha wengine kwa nguvu. Desturi ni moja, sheria yake ni moja, ila nyoyo mbili. Hii ndiyo njia ya Cao Xueqin: haitukuzi desturi wala haibezi, bali anaiweka katika mikono mbalimbali na kutazama itatenda nini.

Anayeumia zaidi ni suria wa Xue Pan. Alizaliwa akiitwa Zhen Yinglian, binti wa pekee wa baba mpole. Usiku wa sikukuu ya taa aliibwa, akauzwa, na jina la wazazi likapotea pamoja na kumbukumbu za kwao. Katika nyumba ya Xue akaitwa Xiangling, yaani mmea wa majini wenye harufu nzuri, jina alilotungiwa na Baochai. Jingui alipofika aliuliza ni nani aliyelitoa jina lile, akabisha kwamba mmea ule hauna harufu, na akaondoa neno xiang akaweka qiu, majira ya majani kupukutika. Msichana alijaribu kutetea harufu ya mmea wake kwa maneno mazuri kabisa, na katika kuitetea akateleza akalitaja ua la gui. Akakaripiwa papo hapo. Majina matatu, na kila jina lina bwana wake. Wahakiki hupenda kuonyesha kwamba Zhen Yinglian husikika kama maneno "kweli astahili kuhurumiwa". Ni kweli, lakini huruma ya msomaji haitoki katika sauti hiyo. Inatoka katika kumwona mtu akipigania neno moja la jina ambalo hata hilo si lake.

Kinyume chake ni bintiye Xifeng, ambaye katika mlango wa 42 bado hana jina rasmi na anaugua mara kwa mara. Mama yake, mwanamke anayesimamia shughuli za nyumba, anamwomba bibi kizee maskini wa shamba, Bibi Liu, amchagulie. Sababu zake ni mbili: mtoto apate kuazima umri mrefu wa kizee, na jina litolewalo na mtu wa dhiki huenda likamlinda dhidi ya maafa yanayofuata neema iliyozidi. Bibi Liu anaambiwa kwamba mtoto alizaliwa siku ya saba ya mwezi wa saba, siku iliyodhaniwa kuwa na kisirani. Hakimbii siku hiyo. Analichukua neno la sikukuu yake, qiao, lenye maana ya ustadi na pia ya sadfa, akamwita Qiaojie, kama mtu atibuye sumu kwa sumu. Baadaye jumba linapoanguka, ni kizee huyuhuyu anayemwokoa msichana. Hapa tu ndipo haki ya kutoa jina inapopanda kutoka chini kwenda juu, na hapa ndipo jina linapofaa kitu.

Riwaya haikosi kasoro. Wapambe wa Jia Zheng wamepewa majina yasikikayo kama "mdoezi" na "hodari wa kudanganya". Hayo ni mabango, si majina. Hakuna mzazi ambaye angeyatoa, na watu hao wanabaki vibandiko mpaka mwisho.

Lu Xun, katika hadithi yake fupi "Kijiji Changu cha Kale" ya mwaka 1921, aliipokea desturi hii na kuikaza zaidi. Runtu aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa katika mwezi wa nyongeza, na katika hesabu ya asili tano, yaani madini, mti, maji, moto na udongo, alionekana kupungukiwa na udongo, tu. Baba alitimiza wajibu wake akampa mwana kilichopungua. Lakini Runtu mtu mzima ana udongo tele na hana kingine: njaa, kodi, askari na wenye mashamba wamemnyausha. Dua ya jina ilijibiwa, na jibu likawa adhabu.

Kwa watafsiri jambo hili si dogo. David Hawkes, aliyeanza kuitoa tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1973, aliyaacha majina ya mabwana katika sauti zake na kuyafasiri ya watumishi. Yang Xianyi na Gladys Yang, waliotoa yao Beijing kuanzia mwaka 1978, waliandika takriban yote kwa sauti. Njia ya Hawkes ina hoja kwa Kiswahili. Wajakazi wa bibi mkubwa wa Jia huitwa Lulu na Kaharabu, na msomaji anayekumbuka kwamba wenye watumwa wa pwani waliwaita watu wao Almasi na Feruzi hahitaji kufafanuliwa uhusiano huo. Ila alama za vizazi hazifasiriki kwa neno. Zadai maelezo mafupi mwanzoni mwa kitabu. Mfasiri atakayeyaacha atawapa Waswahili orodha ndefu ya watu waitwao Jia, na atawanyima habari ya nani alimpa nani jina, ambayo ndiyo riwaya yenyewe.