Kushika Tama: Utungo na Hali ya Moyo katika Picha ya Dorothea Lange

Miongoni mwa picha za nyuso zilizopigwa katika karne ya ishirini, ni chache zilizoenea kama ile aliyoipiga Dorothea Lange mwezi wa Machi, 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, ambayo imekuja kujulikana kwa jina la "Mama Mhamaji". Mavuno yalikuwa yameharibiwa na baridi kali, na wachumaji wamekaa bila kazi. Wengi waitazamao husema kwamba ni picha ya kukata tamaa. Sisi twaona kuwa hukumu hiyo yahitaji kupimwa upya.

Tuuangalie kwanza mkono. Mswahili akiona mtu ameweka mkono shavuni husema mara moja, "Ameshika tama," na hapo huelewa kwamba pana msiba au majonzi. Lakini ashikaye tama huuegemeza uso wake; uzito wa kichwa huwa juu ya kiganja. Mama huyu hakufanya hivyo. Vidole vyake vyagusa shavu tu, na kichwa kimesimama chenyewe. Kipaji cha uso kimekunjamana; macho yapita kando ya kamera na kutazama mbali, wala hayana machozi. Hii ni hali ya mtu apigaye hesabu ya kesho, naye hajashindwa bado.

Hali hiyo yatokana na utungo wa picha. Neno kutunga twalitumia kwa shanga na kwa mashairi, na katika yote mawili mtungaji huongeza kimoja baada ya kingine. Lange alitunga kwa kupunguza. Katika picha alizotangulia kuzipiga siku ile, hema laonekana, na binti mkubwa ameketi. Alivyozidi kusogea karibu ndivyo vitu vilivyozidi kutoka, hata wakabaki mama, mtoto mchanga aliyelala mapajani, na watoto wawili walioegemea mabega yake, mmoja kila upande, nyuso wamezigeuzia nyuma. Kwa kuwa nyuso hizo hatuzioni, uso wa mama hauna mshindani. Na kwa kuwa watoto wamemwelemea, twauhisi mzigo wake pasipo kuambiwa. Baadaye hata kidole gumba kilichoonekana chini pembeni, kando ya mti wa hema, kilifutwa kwa matakwa ya Lange.

Lakini kupunguza kuna gharama yake. Pamoja na hema na kidole, jina nalo lilitoka. Lange mwenyewe aliandika mwaka 1960 kwamba hakumwuliza jina. Mwaka 1978 ndipo ilipojulikana kwa watu wote kuwa ni Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee. Naye akasema alitamani picha ile isingalipigwa. Chakula kilichopelekwa kambini, baada ya picha za siku ile kutangazwa gazetini, kilifika yeye na wanawe wamekwisha ondoka.

Mhakiki mwadilifu hana budi kuyasema yote mawili: kwamba picha hii imekamilika katika utungo wake, na kwamba maelezo yaliyoandikwa chini yake yalipungukiwa. La kwanza halihitaji kusahihishwa. La pili lasahihishika, kwa kuliandika jina la mama huyu kila mahali picha yake ichapishwapo.