Tanzia na Kaburi: Maandiko ya Ukoo wa Wafanyakazi wa Mwanza

Wanachuoni wa historia ya pwani wamezoea kusoma makaburi. Kaburi la Gedi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na minara ya makaburi ya Kunduchi imechunguzwa kwa bidii, kwa kuwa waliozikwa hapo walikuwa na mali ya kujengewa kwa mawe. Mchukuzi wa bandarini Mwanza na mfanyakazi wa kinu cha kuchambulia pamba hawakujengewa mnara. Atakaye kuandika habari za ukoo wao hana budi kuyatazama maandiko mawili yaliyo duni zaidi: tanzia, na kaburi la saruji.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kazi zilizofuata reli, meli na pamba ziliwatawanya watu wa ukoo mmoja, na tanzia ikawa njia ya kuwaita tena. Katika enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, matangazo ya vifo yalisomwa kwa muundo usiobadilika sana. Kwanza hutajwa atangazaye na mahali akaapo. Kisha marehemu na uhusiano wao. Kisha siku ya kifo na mahali pa maziko. Na mwisho huombwa habari ziwafikie fulani na fulani, kila mmoja kwa mahali pake.

Msikilizaji mwenye haraka huenda akadhani fungu hilo la mwisho ni nyongeza tu. Kumbe ndilo lenye historia. Marehemu hupewa mstari mmoja, lakini walio hai hupewa mingi: mathalani, mmoja yuko relini Tabora, wa pili kiwandani Dar es Salaam, wa tatu angali kisiwani Ukara akivua samaki. Kwa maneno machache hayo huonekana safari ya vizazi viwili, jambo ambalo halikuandikwa penginepo.

Hata hivyo tanzia ina kasoro zake. Baba mdogo na baba mzazi huweza wote kuitwa baba, na binamu akaitwa kaka. Kwa hiyo mtafiti asipoijua lugha ya ujamaa atajenga ukoo usiokuwapo. Tena mwanamke mara nyingi hutajwa kwa jina la mtoto wake, na ukoo aliozaliwa ukapotea.

Kaburi lina tabia iliyo kinyume. Lenyewe humtaja marehemu peke yake, pamoja na miaka miwili, na pengine maneno ya Ayubu 1:21. Jina huweza kuchorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Makaburi mengi ya Waislamu hayana maandishi kabisa. Lakini mahali pa kaburi pana maneno yake: mtu aliyefanya kazi mjini maisha yake yote, kisha akazikwa kando ya nyumba ya babaye kijijini, amekwisha kusema kwao ni wapi. Tanzia husema ukoo umekwenda wapi. Kaburi husema umetoka wapi. Asomaye moja bila ya jingine husoma nusu.

Uzito wa jambo hili waonekana Igoma. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443. Abiria wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo, hawakuwa na orodha. Wengi wa waliokufa walizikwa Igoma, na miongoni mwao wamo wasiotambuliwa. Hapo ndipo kaburi lilipokosa hata kazi yake ndogo ya kutaja jina. Kwa abiria wa namna hiyo, tanzia ya jamaa zake haikuwa tangazo tu; ilikuwa ndiyo hati ya kwamba alipanda meli.

Sauti ya redio imekwisha kupotea hewani. Lakini tangazo liliandikwa kwanza kwa mkono, na majina ya waliokuja matangani yalitiwa katika daftari la rambirambi. Karatasi hizo zimo masandukuni mwa watu, nazo huliwa na mchwa. Mhakiki azisome mapema, kwa maana minara ya Kunduchi yaweza kungoja.